Barua kwa mwanangu: kipindupindu kikiingia nyumba ya kupangisha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi huku hatujambo, na mama yako anasisitiza usile chakula cha barabarani mpaka hali itulie.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kipindupindu kimetangazwa Manzese, hapo Dar es Salaam, mpangaji wa chumba cha tatu amekimbizwa hospitali usiku akiharisha na kutapika, wenzake wanataka umhamishe, wawili wanaomba kodi isogezwe, na kisima cha uani hakuna tena anayekiamini. Ukauliza uanze na lipi.

Anza na choo na maji, leo. Habari za kodi zinaweza kulala.

Kuhusu kumhamisha mgonjwa, haina maana yoyote. Dalili hujitokeza ndani ya saa chache mpaka siku tano tangu mtu ameze vimelea, na wengi walioambukizwa hawaoni dalili kabisa au wanaharisha kidogo tu na kwenda kazini. Hao nao hutoa vimelea chooni, siku moja mpaka kumi. Sasa vyumba vinane, watu kama ishirini na watano, vyoo viwili: waliochangia choo na huyo bwana wako hapohapo. Halafu kuna hasara kubwa zaidi. Ukimtoa mmoja kwa sababu ya kuugua, mgonjwa wa pili ataficha. Ataharishia kwenye ndoo chumbani, amwage mtaroni usiku, na akija kusemwa maji yamekwisha mwilini. Ugonjwa huu ukiachwa bila tiba unaua ndani ya saa chache, si siku. Waambie wapangaji wote, na uandike kwenye karatasi uibandike koridoni: hakuna atakayepoteza chumba kwa sababu ya kuugua.

Choo sasa. Chukua fito ndefu, pima kutoka usawa wa sakafu mpaka kilipo kinyesi. Ikibaki nusu mita au pungufu, hilo shimo limejaa, lifunge mpaka livutwe. Ita gari la majitaka, udai risiti, na uulize linakwenda kumwaga wapi; mabwawa ya majitaka ya Vingunguti ni jibu linaloeleweka, "tutajua huko mbele" si jibu. Watakuja vijana usiku kukuambia watalitapisha shimo kwa bei nafuu mvua ikinyesha. Kataa, hata majirani wakikuona unajifanya tajiri. Choo kinachotapishwa kinaingia mtaroni, mtaro unapita juu ya mabomba ya plastiki ya mtaa mzima, na nyumba ya chini yako inakunywa. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, wakati huo Manzese ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, ukaenea mikoa mingi na kuwagusa zaidi ya watu 20,000. Mitaa yenye vyoo na maji kama ya kwetu ndiyo iliyoumia.

Sakafu, kitasa cha mlango, kopo la kuchambia na ukuta wa karibu na shimo vipigwe klorini mara tatu kwa siku. Zamu za usafi za wapangaji zifute kwa kipindi hiki. Zamu hufa siku mtu anaposafiri au wanapogombana, nawe huwezi kusubiri wapatane. Tafuta mtu mmoja, mlipe kwa siku, mpe glovu nene, mabuti na miwani ya kuzuia dawa isimrukie machoni.

Vipimo viandike ukutani alipo huyo mtu. Klorini ya unga ya asilimia 70, ile anayogawa bwana afya: gramu 30, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, kwa maji lita 10. Hiyo ni ya sakafu. Ukikosa ya unga, jiki, yaani klorini ya maji, ya asilimia 3.5: mililita 600 kwa lita 10. Soma lebo kwanza, maana zipo zilizochakachuliwa na zipo zilizokaa juani dukani mpaka zikabaki maji yenye harufu. Kwa matapishi na kinyesi kilichomwagika unataka kali mara kumi: gramu 30 za unga kwa lita moja, au vikombe vinne vya jiki kwa vikombe vitatu vya maji. Mwagia juu, acha dakika kumi na tano, ndipo futa. Watu hukosea hapa. Wanafagia kwanza halafu wanamwaga dawa, na ufagio unatembeza ugonjwa uani kote.

Kwa vyoo viwili hesabu inakuja kama gramu 100 za unga kwa siku, kwa hiyo kilo moja inakwenda siku tisa au kumi. Changanya kila asubuhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ya jana imeshapoteza nguvu, na ndoo ya bati italiwa. Usichanganye na sabuni. Na kamwe isikutane na ile dawa ya asidi ya kung'arishia sinki la choo, kwa sababu inatoa gesi inayoziba pumzi, na choo chetu hakina dirisha la maana. Kumimina klorini shimoni ni kutupa pesa: kinyesi kinaimaliza nguvu kabla haijafika popote.

Mlangoni mwa kila choo weka ndoo ya lita 20 yenye koki na beseni chini. Sabuni ya kipande itaibwa kabla ya adhuhuri, hilo ulijue. Yeyusha sabuni ya unga kidogo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko kwa msumari, ifunge kamba kwenye nguzo. Sabuni na maji yanayotiririka yanatosha kwa mikono, klorini haihitajiki hapo.

Nije kwenye maji. Kisima cha uani kifunge. Kisima kinatakiwa kiwe mita 30 kutoka shimo la choo, na kiwanja chetu chote hakifiki huko. Usidanganyike na fundi atakayesema akitie klorini mara moja basi. Chanzo cha uchafu kiko pembeni yake na siku chache baadaye mambo ni yaleyale. Wala usiseme "kitumike kuoshea tu". Maji ya kuoshea ndiyo yanayoosha nyanya za kachumbari na kusukutulia mdomo. Ondoa kamba na ndoo, funika kwa zege au bati lenye kufuli.

Bomba la DAWASA ni bora, ila fuata njia yake kwa miguu kutoka mita hadi uani. Mgao ukikata maji, presha inashuka, na pale bomba lilipopasuka ndani ya mtaro linafyonza uchafu. Kuna wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba ili wavute maji mengi. Wakivuta wao, uchafu unaingia kwa wote. Kama kuna mpangaji mwenye pampu ya namna hiyo, iondoe leo bila mjadala. Maji yakirudi baada ya mgao, yaache yatoke mpaka yawe safi ndipo mkinge.

Tangi la lita 1,000 lioshwe. Watangazie siku moja kabla ili wajaze madumu. Toa maji yote, sugua kuta na kitako kwa brashi yenye mpini mrefu (mtu asiingie ndani), suuza, jaza robo, mwaga gramu 80 za klorini ya unga, jaza mpaka juu, acha saa 24. Funga koki na uzibandike karatasi, kwa sababu hayo maji hayanywewi. Kisha toa yote, suuza, jaza upya. Ukinunua maji ya boza, muulize dereva ameyachota wapi, na uwe na kipimo kidogo cha klorini kile cha kubadilisha rangi. Ukisoma chini ya miligramu 0.5 kwa lita pale bozani, tia dawa mwenyewe au mrudishe.

Ya kunywa yatibiwe ndani ya nyumba hata kama tangi ni safi, kwani yanachafuka kwenye ndoo na vikombe. Kidonge kimoja cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, funika, subiri dakika 30. Maji yenye ukungu yachujwe kwa kitambaa kisafi, kisha vidonge viwili. Watu 25 wanahitaji ndoo tatu za kunywa kwa siku, kwa hiyo vidonge mia vinakutosha mwezi. Nunua wewe ugawe. Usingoje kila chumba kinunue chake. Wa chumba kimoja asipotibu, choo ni kilekile.

Matumizi ya maji yatapanda, na bili pia. Ongezeko libebe wewe kwa miezi hii. Ukiwagawia kwa kichwa kama kawaida, watabana, na cha kwanza kubanwa ni kunawa.

Mgonjwa mpya akitokea, asingoje kupambazuka. Kuharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, kutapika, macho kuzama: hapo ni kituo cha kipindupindu, na ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, aanze kunywa akiwa bado nyumbani, anywe njiani, anywe kwenye foleni. Pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja, vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi inamdhuru. Weka pakiti kumi kwa jirani asiyesafiri, wote wajue mlango wake. Andika pia namba ya dereva wa bajaji aliyekubali kubeba mgonjwa, mlipe zaidi, na umpe chupa ya klorini ya kufutia kiti. Mgonjwa apewe ndoo yenye kikombe cha ile dawa kali kitakoni.

Mpigie bwana afya wa kata na mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo, au 199 usipowapata. Watakuja kukagua, wana mamlaka hayo chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, kwa hiyo usiwafiche choo kibovu, waonyeshe. Watataka orodha ya wakazi: chumba, majina, simu. Iwe tayari kwenye daftari. Jina la mgonjwa lisiende kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Na Mungu apishe mbali, mtu akifariki, asioshwe nyumbani mpaka bwana afya afike.

Chumba cha tatu hakihitaji kufungwa wiki. Sakafu na kuta hadi usawa wa kiuno zipigwe ile dawa ya sakafu, nguo zilowekwe au zichemshwe, godoro litoke juani likauke kabisa, maana vimelea hivi havipendi ukavu. Wanaoishi naye waangaliwe siku tano.

Sasa kodi. Yule mama ntilie amezuiwa kuuza na manispaa, kwa hiyo hana pesa na si kwamba anakukwepa. Wa pili sina hakika naye. Muombe akuonyeshe hali yake. Usisamehe kwa mdomo na usitishe kwa mdomo. Andikeni: "Mimi mpangaji wa chumba namba tano, kodi ya miezi mitatu inayoanza tarehe fulani nimesogezewa. Nitailipa kwa mafungu matatu, tarehe hizi. Choo, maji na umeme haviguswi." Sahihi zenu, na shahidi mmoja kutoka serikali ya mtaa. Hilo la choo, maji na umeme kutoguswa ndilo lenye uzito. Wenye nyumba wengi wakidai kodi hufunga choo au hukata luku. Ukimfungia mtu choo wakati wa kipindupindu, atajisaidia kwenye mfuko, na mfuko utatua kwenye paa la jirani. Ukishindwana naye kabisa, njia ni serikali ya mtaa, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, si kufuli.

Chumba cha saba kilicho wazi kipangishe, ila dalali asiwafiche watu. Anayekuja aambiwe kuna mgonjwa, aambiwe hatua mlizochukua, akague choo mwenyewe. Wengine wataondoka; bora waondoke sasa kuliko wakudai pesa yao baada ya wiki.

Ndoo za mlangoni na vidonge usiviondoe mpaka zipite wiki nne bila mgonjwa mpya kutangazwa. Kodi ya miezi sita aliyolipa wa chumba cha mbele usiinunulie rangi ya ukuta kama ulivyopanga. Nusu yake iende kwenye gari la majitaka na ile koki inayovuja.

Nitumie kipimo cha fito kwa mashimo yote mawili kesho kabla ya saa nne, nijue kama tunahitaji gari moja au mawili.

Wasalaam,
Baba yako