Biti ya nani, mashairi ya nani? Majibu ya maswali yenu ya hakimiliki

Nikitumia sekunde 15 tu za wimbo wa mtu kwenye video yangu, si inaruhusiwa? (Msomaji, Mbagala)

Hapana. Hakuna sheria ya sekunde 15, wala ya 7, wala ya 30, si Tanzania, si Kenya, si YouTube. Nimeshalijibu hili mara nyingi na kila wiki linarudi, kwa hiyo naomba mliosoma muwaambie ambao hawajasoma. Na kuandika chini ya video kwamba "sina haki na wimbo huu" hakukukingi. Umekiri kwa mkono wako kwamba ulijua ni mali ya mwenzio.

Shikamoo mjomba. Nilinunua biti mtandaoni kwa dola 30, nikaimba, nikaupeleka wimbo kwa msambazaji, kampuni inayopandisha nyimbo mitandaoni. Wiki ya pili YouTube wakaniambia kuna mtu wa nje anaudai. Mimi ndiye niliyeimba! Ananiibia? (Kijana wa Mwanza)

Marahaba mwanangu. Kwa dola 30 karibu kila mara hujanunua biti, yaani muziki wa kuimbia, umeikodi. Biti hiyohiyo wamekodishwa wengine wengi, na inaonekana mmoja wao ameuingiza wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Mashine imekutana na biti ile ile, ikaona wimbo wako ni wake.

Fungua leseni uliyotumiwa uisome, maana najua hukuisoma. Ukiwa nayo pamoja na risiti, pinga madai hayo. Mdai ana siku 30 za kujibu, akinyamaza madai yanafutika. Ila usipinge kwa hasira huna karatasi. Mdai akiomba video iondolewe utapata straiki, yaani onyo la YouTube, na straiki tatu ndani ya siku 90 zinafunga chaneli. Madai na straiki ni vitu viwili tofauti: madai yanachukua pesa za video moja, straiki inahatarisha chaneli nzima.

Na wewe je, ulipojaza fomu ya msambazaji, uliweka tiki kwenye kisanduku cha Content ID? Leseni nyingi za kukodi zinakataza jambo hilo. Kama uliweka, kaitoe leo, kwa sababu kuna kijana mwingine mahali fulani anaandika barua kama yako akikulalamikia wewe.

Prodyuza alinirekodia bure. Wimbo umeshika, sasa anasema ni wa kwake na ameupakia kwa jina la studio. Nifanye nini? (Msanii, Temeke)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya barua ninazopata ni hii hii kwa maneno tofauti.

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi yenyewe. Mashairi na melodi kama ulitunga wewe ni vyako, hata kama hukulipa shilingi. Rekodi ni hadithi nyingine: aliyeigharamia na kuisimamia ana hoja, na prodyuza aliyekurekodia bure ndiye aliyeigharamia. Kwa hiyo nyote wawili mna haki, na nyote wawili mnakosea mnaposema "wimbo ni wangu". Hana ruhusa ya kuuza utunzi wako bila wewe. Wewe nawe huwezi kuichukua rekodi yake ukaipakia kwingine kimyakimya.

Nendeni mkae sasa, kabla ya wakili. Andikeni ukurasa mmoja: majina halisi, nani katunga nini, asilimia za kila mmoja kwenye utunzi, asilimia kwenye rekodi, nani anapakia, pesa zinagawanywa lini. Sahihi, tarehe, shahidi. Mkishindwana, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo.

Mimi niliwahi kuandika kiitikio cha wimbo uliopigwa redioni miezi mingi. Studio iliniahidi kwa mdomo, nikaamini kwa kuwa tulikuwa tukila sahani moja. Sikupata hata nauli. Ndiyo maana nawasumbua kila wiki na karatasi hii. Mtandao hauna habari nani aliimba. Unamlipa aliyejaza fomu.

Ninapiga video za harusi. Ukumbi umelipia leseni ya muziki, lakini Facebook wananizimia sauti. Kwa nini? (Mpiga video, Arusha)

Leseni ya ukumbi inaruhusu muziki kupigwa mbele ya wageni waliopo pale. Kuunganisha wimbo na picha, kisha kuupandisha mtandaoni, ni ruhusa nyingine kabisa ambayo hujaomba. Wape maharusi video yao kwenye flashi, na kipande cha kujitangazia tumia muziki wa maktaba ya Meta yenyewe, wenye Facebook, au mwajiri mpiga kinanda akupigie utunzi wake. Vivyo hivyo kwa wenye saluni na maduka ya vitenge walioniuliza kuhusu TikTok: akaunti ya biashara ina maktaba yake ya muziki. Wimbo unaovuma haukulipiwa ili uuze vitenge vyako.

Wimbo wangu umetumika kwenye maelfu ya video za TikTok na sijapata kitu. (Msanii, Dodoma)

Bonyeza jina la sauti kwenye video hizo. Likija jina la mtu aliyeurekodi kwa simu badala ya jina lako, sifa na hesabu zinakwenda kwake. Peleka wimbo kwa msambazaji kabla hujauonjesha watu, siyo baada.

Kwaya yetu ina wimbo kwenye milio ya simu. Sheria inasemaje? (Mwanakwaya, Mombasa)

Kwenu Kenya, marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yanampa msanii si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio ile anayoisikia anayepiga simu. Swali langu kwenu: nani alisaini kwa niaba ya kwaya, na akaunti ni ya nani?

Nisipoandikisha wimbo COSOTA, nimepoteza haki? (Wasomaji wengi)

Hapana. Haki inazaliwa na kazi. Andikisha ili uwe na ushahidi.

Marehemu baba alitunga na kuimba nyimbo za dansi miaka ya 70. Alifariki 1998. Mtu amezipakia zote YouTube na anapata pesa. (Binti, Tanga)

Pole sana mwanangu. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo nyimbo alizotunga baba ni za warithi wake mpaka mwisho wa 2048. Rekodi zina hesabu yake, miaka 50, na nyingine za wakati ule zimeshaivuka au zinakaribia. Isitoshe, bendi nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na huenda rekodi si za bendi, kwa hiyo usidai rekodi ambayo huna uhakika nayo. Dai utunzi.

Kwanza familia ipate msimamizi wa mirathi mahakamani, kwa sababu bila yeye hamna wa kusaini. Kisha tafuteni wanabendi walio hai waandike nani alitunga wimbo gani. Fanyeni upesi, wazee wanaondoka. Mkishapata hayo, msimamizi ajaze fomu ya YouTube ya kuondoa video. Aliyepakia akipinga, mna siku 10 za kazi kuonyesha kwamba mmefungua kesi, la sivyo video inarudi. Kwa hiyo muoneni wakili kabla ya kujaza fomu.

Au mpigieni simu kwanza huyo mpakiaji. Wengine ni wapenzi wa muziki wa zamani tu, na wamewahi kukubali kugawana mapato walipojua mtoto wa mtunzi yupo.