Jik kwa midoli ya kliniki
Dada uliyeuliza kama midoli ya pale watoto wanaposubiria kliniki hapo Arua inatosha kupanguswa na Jik (ile dawa ya klorini ya kuulia vijidudu), hapana, anza na sabuni na maji kwanza juu uchafu unamaliza nguvu ya klorini. Alafu ule mchanganyiko wa Jik kipimo 1 kwa maji vipimo 6 ni ya damu iliyomwagika, kwa midoli ni kali mno, weka kikombe 1 cha Jik ya 3.5% kwa vikombe 34 vya maji, acha dakika 10 ndo usuuze vizuri maana wataitia mdomoni tu. Na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, ile gesi mbaya sana! Midoli ya manyoya mi ningeitoa kabisa. Ila kwa surua kusafisha midoli hakutoshi jamani, inabaki hewani hata masaa 2, fungueni madirisha, mwenye vipele asubirie nje