Shada la mlangoni kwa maharusi

Neno "shada" huwapeleka wengi makaburini. Nilipokuwa natengeneza la kwanza la zawadi ya harusi, la kutundika mlangoni, mama mdogo alichungulia mezani akaniuliza taratibu nani amefariki. Nilishtuka, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimejaza maua meupe duara zima, nikapitisha utepe wa maandishi katikati. Hata ukiandika "Hongera", shada la namna hiyo litatoa rambirambi tu.

Tangu siku ile nafunika kama theluthi moja ya duara, chini upande mmoja. Sehemu iliyobaki naizungushia kamba ya katani na kuiacha ionekane. Maua makubwa matatu, majani ya urefu tofauti, vijiua vidogo vya kuziba mapengo, basi. Duara la waya la sentimita 30 linatosha. Majani yakishachomoza nje, shada lote hufika sentimita 40 au zaidi, na mlango wenyewe mara nyingi hauzidi sentimita 90.

Kazi ngumu ni kulifanya liwe lao. Wengi hukimbilia herufi za mwanzo za majina na tarehe ya harusi. Mimi tarehe naiandika nyuma, kwenye kibao kidogo cha mbao, kwa sababu shada litakaa mlangoni miaka na mgeni anayebisha hodi hana haja nayo. Jina la ukoo nalo uliza kwanza. Si kila bi harusi anachukua jina la mume, na kumtundikia mlangoni jina asilolitumia ni kumkosea. Uliza pia tahajia, hata kwa mtu uliyemfahamu tangu utotoni.

Kinachogusa zaidi ni kitu kimoja kidogo kilichotoka kwenye maisha yao. Mdogo wangu alipoolewa, nilifunga fundo la utepe kwa kitambaa kilichokatwa kwenye gauni la zamani la mama yetu. Hakikuwa na maandishi yoyote. Alikitambua kabla sijasema neno, akakishika kwa vidole viwili, akakaa kimya. Kwa rafiki yangu na mumewe, waliozoeana kwenye mazoezi ya kwaya, nilikunja waridi la karatasi kutoka nakala ya nota za wimbo wao. Kitu kimoja, si vitano. Ukiweka picha, herufi, kengele na moyo wa mbao pamoja, hakuna kitakachoonekana.

Halafu gundi. Gundi ya moto ni rahisi na inashika upesi, ndiyo maana tunaiamini kupita kiasi. Mlango unaopigwa na jua huirudisha kwenye ulaini, na herufi nzito ya mbao huteleza yenyewe. Moja yangu ilianguka hivyo, na nikaja kuambiwa kwa haya wiki kadhaa baadaye. Sasa kila chenye uzito nakifunga kwa waya mwembamba: natoboa matundu mawili, napitisha waya, nasokota nyuma kwa koleo, nakata ncha na kuzikunja ndani zisichome mtu. Gundi naiachia petali na majani mepesi. Mgongoni nabandika kitambaa kinene ili waya usikwaruze rangi ya mlango.

Maua mabichi hayafai zawadi ya kudumu. Ukitaka maua halisi, yaning'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa, wiki mbili hadi tatu. Giza husaidia rangi isipauke. Yakikauka yanavunjika kirahisi, kwa hiyo waambie maharusi walitundike ndani. Kwa mlango wa nje natumia maua ya kitambaa, ingawa nayo hupauka kwa jua kali. Rangi za krimu na kahawia hafifu hazionyeshi haraka kama nyekundu.

Usilibebe ukumbini. Nimeona shada likiwekwa chini ya masanduku ya zawadi na kutoka bapa. Lifunge kwa utepe kwenye kitako cha boksi lenye kina, lisicheze, kisha lipeleke nyumbani kwao wakishatulia. Weka na utepe mrefu wa kupitisha juu ya mlango, maana huenda nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki misumari.