Nimekaza springi ya nyuma mpaka mwisho, mbona bado inanirusha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya enduro, ile ya njia mbovu, ya cc 300. Shokapu za mbele ni zile zilizopinduliwa, bomba jembamba likiwa chini, na nyuma kuna shokapu moja yenye linki, vile vyuma vinavyoiunganisha na mkono wa tairi. Nikivaa buti, kofia na mkoba wa maji nina kilo 96. Tangu nianze kupita njia za mawe, nyuma inanirusha kama punda, na mbele inagonga mwisho hata nikitua kutoka kwenye tuta dogo. Mguu wa kulia wa shokapu za mbele umeanza kulowana oili. Nimekaza nati ya springi ya nyuma mpaka haiendi tena, na naona hali imezidi. Wenzangu wanasema ninunue shokapu mpya ya nyuma, na mbele niweke oili nzito. Nimepima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyoweka chini ya mkia: tairi likining'inia ni milimita 620, pikipiki ikisimama yenyewe 607, nikiwa juu yake 511. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hizo namba tatu zimeniambia mengi, kwa hiyo tuanze nazo.

Toa 511 kwenye 620, unapata 109. Huko ndiko kuzama kwako ukiwa juu ya pikipiki. Kwa enduro ambayo tairi la nyuma linaweza kupanda na kushuka milimita 300 hivi (huo ndio mwendo wake) tunatafuta karibu theluthi moja ya mwendo, yaani 100 hadi 105, kwa hiyo hauko mbali sana. Mtu akiishia hapo atasema springi iko sawa, inatosha kukaza kidogo tu. Tatizo liko kwenye namba ya katikati. Toa 607 kwenye 620, unapata 13. Pikipiki ikisimama bila mtu inazama milimita 13 tu, wakati ingetakiwa kuzama 30 hadi 40.

Hapa ndipo watu wengi wanapogeuza mambo. Wanaona pikipiki haizami ikiwa peke yake, wanasema springi ni ngumu mno. Ni kinyume chake. Springi yako ni laini kwa kilo 96, na kwa kuwa ni laini imebidi uibane sana ili ikubebe. Kule kubana ndiko kunakoizuia isizame ikiwa haina mtu.

Chukua springi inayohitaji newton 45 ili ifupike milimita moja. Ukiibana milimita 10 kwa nati kabla hata ya kupanda, tayari inasukuma kwa newton 450. Mzigo ukiwa chini ya hapo, haitikisiki. Mzigo ukizidi, inaanza kushuka, na kila milimita bado inadai newton 45 zilezile. Nati haijaigeuza kuwa springi nyingine. Umesogeza tu mahali inapoanzia kazi. Ndiyo maana mwanzoni unaiona ngumu kama boriti, halafu kwenye shimo kubwa inazama mpaka chini bila kujitetea.

Na huko kurushwa kunatokana na hilohilo. Tairi la nyuma linatakiwa liwe na nafasi ya kushuka kufuata kishimo kilicho kati ya jiwe na jiwe. Wewe umebaki na milimita 13. Ukisimama kwenye vikanyagio na kufunga breki kushuka mteremko, uzito unakimbilia mbele, nyuma inanyooka yote, tairi linabaki hewani kidogo, kisha linakutana na ukingo wa jiwe linalofuata likiwa halina pa kwenda. Hapo kitako chako ndicho kinachofanya kazi ya shokapu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha upepo wa tairi. Ukiwa na bar 1.5 kwenye mawe, upepo umezidi, na hakuna shokapu itakayokusaidia. Kisha angalia linki. Weka pikipiki kwenye stendi, tairi la nyuma likiwa juu, shika tairi kwa mikono miwili ulinyanyue na kulishusha polepole. Ukisikia tak ndogo kabla springi haijaanza kupokea, kuna beringi au bushi iliyokwisha. Hata usiposikia kitu, fungua. Beringi za sindano kwenye linki ziko chini kabisa, zinakula matope na maji ya presha kila siku ya kuosha, na pikipiki nyingi hutoka kiwandani na grisi kiduchu mle ndani. Niliwahi kuletewa pikipiki iliyokwisha kubadilishwa shokapu nzima kwa sababu "nyuma imekuwa ngumu". Shokapu mpya, ugumu uleule. Bolti moja ya linki ilikuwa imeshikana na kutu kiasi kwamba niliitoa kwa msumeno. Shokapu ya zamani ilikuwa nzima, na mwenyewe alikuwa ameshaiuza. Safisha zile sindano moja moja, zile zenye alama za kutu zitupe pamoja na beringi yake, na upake grisi isiyosombwa na maji.

Sasa mbele, kuanzia kwenye uvujaji. Usikimbilie kubadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Mara nyingi sana sili haijachanika, ni chembe ya mchanga au tope kavu iliyokwama kwenye mdomo wake. Safisha bomba linalong'aa kwanza kwa kitambaa laini. Teremsha sili ya vumbi kwa bisibisi bapa, taratibu, usiguse bomba. Kata kipande cha plastiki nyembamba, mkanda wa zamani wa picha ndio mzuri kuliko vyote, lakini hata ubavu wa chupa ya maji unafaa, upana wa vidole viwili. Kwenye kona moja kata kindoano kidogo. Ingiza plastiki kati ya bomba na sili ya oili, izungushe mzunguko mzima, kisha ivute nje. Utaona mstari wa uchafu mweusi umeng'ang'ania kwenye kindoano. Futa, rudia mara tatu nne mpaka itoke safi. Chuma usitumie kamwe, hata kiwe chembamba vipi. Kisha kaa juu ya pikipiki, shika breki ya mbele, ibonyeze mara 20, futa bomba, na uangalie kama pete ya oili inarudi.

Ikirudi, pitisha ukucha kwenye bomba kutoka chini hadi juu. Ukucha ukikwama mahali, hicho kikovu cha jiwe ndicho kinachokata sili, na sili mpya nayo haitadumu. Kikovu kidogo unaweza kukilainisha kwa msasa wa maji namba 1000 au 1500, ukiondoa kile kilichoinuka tu. Kirefu na chenye kina kinahitaji bomba jingine. Na huku ukiendelea kuchunguza, usiendeshe pikipiki ikiwa inatiririsha, kwa sababu oili ya mguu ikishafika kwenye pedi za breki, breki ya mbele huna tena.

Uvujaji huo unahusiana na kule kugonga mwisho. Ndani ya mguu wa mbele, juu ya oili, kuna nafasi ya hewa. Mguu ukibonyea, hewa hiyo inabanwa na inakuwa kama springi ya pili, ambayo nguvu yake inapanda kwa kasi kwenye theluthi ya mwisho. Oili ikipungua, nafasi ya hewa inakuwa kubwa, na ile springi ya pili inalegea. Mguu wako wa kulia umekuwa ukipoteza kinga yake ya mwisho kidogo kidogo.

Kwa hiyo ukiifungua, badilisha oili ya miguu yote miwili. Baada ya kuweka mpya, kwa shokapu za katriji iliyo wazi (mtambo wa ndani unaotumia oili ileile ya mguu), mguu uwe wima, springi iwe nje, bomba liwe limeshushwa mwisho. Pandisha na kushusha fimbo ya katikati mpaka isiwe na sehemu inayoteleza bure, maana hiyo ni hewa. Ndipo upime kutoka usawa wa oili hadi mdomo wa bomba. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa namba, kwa nyingi za aina hii ni kati ya milimita 100 na 130. Mimi hufunga mrija kwenye bomba kubwa la sindano, naacha mrija uzame urefu uleule wa kipimo, najaza oili kuzidi kidogo, halafu navuta. Kikianza kuvuta hewa, umefika. Miguu ilingane sawasawa. Kama baadaye bado inagonga mwisho, ongeza oili ili nafasi ipungue milimita 5, ujaribu tena. Usiruke milimita 20 kwa mara moja, utakuja kulalamika kwamba mbele haitumii mwendo wake wote. Zile bushi ndani nazo ziangalie: rangi ya shaba ikishatokeza chini ya ile ngozi ya kijivu, badilisha.

Kuhusu oili nzito, wenzako nawaelewa, ushauri huo ni wa miaka mingi. Lakini oili haibebi uzito. Inapinga mwendo, basi. Ukisimama tuli juu ya pikipiki, oili haikubebi hata gramu moja, ni springi na hewa tu. Oili nzito itachelewesha kushuka na kurudi kwa pamoja, na kwenye mawe madogo ya haraka mikono itakufa ganzi. Isitoshe, ile "5W" kwenye chupa haina maana moja kwa watengenezaji wote. Linganisha namba ya sentistoki (kipimo cha unene wa oili) kwa nyuzi 40, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya oili, na ubaki na ile iliyopendekezwa kwa shokapu zako. Ushauri ule ulikuwa na mashiko kwenye shokapu za zamani zenye fimbo ya matundu, ambako kubadilisha oili ndiyo marekebisho pekee uliyokuwa nayo.

Shokapu ya nyuma yenyewe usiifungue nyumbani. Ina gesi ya naitrojeni ya bar 10 hivi, na kifuniko kinachotoka kwa presha hiyo hakichagui jicho. Mpelekee mwenye mtungi na vifaa. Jiulize swali moja tu: je, dakika kumi za mwanzo inakuwa nzuri, halafu ikipata moto inaanza kudundadunda? Kama ndiyo, oili yake imechoka. Oili ya shokapu ya nyuma ni kidogo na inachemka kuliko ya mbele, hivyo huharibika bila kuonyesha dalili nje. Kwa mwendeshaji wa kawaida wa njia za milimani, nashauri huduma kila saa 50 hadi 100 za injini, na miguu ya mbele kila 50 hivi. Anayeshindana apunguze nusu.

Sasa fedha zako ziende wapi? Springi. Enduro nyingi za watu wazima hufungwa springi za mwendeshaji wa kilo 75 hadi 85 akiwa na mavazi yake yote, na wewe umepita hapo kwa kilo 11. Namba ya springi huwa imeandikwa kwenye springi yenyewe, kwa newton kwa milimita au kilo kwa milimita. Nyuma hupanda kwa hatua ndogo, kama newton 3 hivi kwa hatua. Wewe utahitaji hatua moja au mbili. Badilisha mbele na nyuma pamoja. Ukiimarisha nyuma peke yake, mkia utakaa juu, uzito utaegemea mbele, na utaanza kulaumu usukani.

Shokapu mpya, au kupangwa upya kwa zile sahani nyembamba za chuma zinazobana oili ndani ya vali, ni hatua nzuri, lakini ni ya baadaye. Fundi wa vali hawezi kukupangia vizuri akiwa hajui springi sahihi, na ukimpelekea pikipiki kama ilivyo leo atakuwa anatibu kosa la springi kwa oili.

Unaporudisha miguu ya mbele, vibano vya chini vinavyoishika miguu chini ya usukani usivikaze kwa nguvu zote. Bolti zake nyingi ni newtonmita 12 hadi 15 tu, fuata kitabu. Ukizidisha, bomba la nje linabanwa na lile la ndani linapita kwa shida. Pia acha bolti za kubana ekseli zikiwa zimelegea, bonyeza mbele mara kadhaa kwa breki ili miguu ijipange yenyewe, ndipo uzikaze.

Springi mpya zikishafungwa, anza upya na tepu. Weka kuzama kwako kwenye 103 hivi kwa kutumia nati, kisha shuka usome kuzama kwa pikipiki peke yake. Ikisoma kati ya 30 na 40, umepata springi yako. Ikiwa bado chini ya 25, ongeza hatua moja; ikiwa juu ya 45, umezidisha. Hapo tu ndipo uguse skrubu za oili, zile zinazorekebisha kasi ya shokapu kushuka na kurudi. Zifunge taratibu mpaka zikae, bila kulazimisha, ukihesabu kliki, uandike idadi, kisha uzirudishe pale kiwanda kilipopendekeza. Springi ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo tarajia kufunga skrubu ya kurudi kliki moja au mbili. Chagua kipande kimoja cha njia yako ya mawe, dakika tatu hivi, ukipite mara kwa mara, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ikikurusha, punguza kasi ya kurudi kwa kliki mbili. Ikizidi kushuka kila unapopita mfululizo wa mawe kana kwamba inajikunja, umepunguza mno, rudisha moja.