Mkeo kajifungua na hayuko sawa? Kaka, kaa naye

Juzi usiku kuna kijana kanitumia meseji, nikashindwa kulala. "Kaka, wife ana wiki ya tatu tangu ajifungue, hataki kumshika mtoto, analia tu, nyumbani wanasema ni majini, nifanyeje?" Nikampigia tukaongea karibu saa nzima, ila najua mko wengi mnaopitia hii kimya kimya, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa kwangu.

Mwanetu wa kwanza alizaliwa 2021, tunakaa Tabata, mimi nauza kwenye duka la vipuri la mtu Kariakoo. Sheria ya ajira inampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke wangu alijifungua kwa operesheni, siku zangu zote 3 zikaishia wodini. Tunarudi nyumbani mama yangu kashafika kutoka Korogwe kumhudumia mzazi, maji ya moto, mtori, uji wa pilipili manga, kila kitu kipo, na mimi nikahamishiwa sebuleni kwenye kochi maana kwetu baba halali chumba cha mzazi mpaka arobaini iishe. Nikajua mambo yako kwenye mikono salama, nikarudi zangu dukani.

Wiki ya pili, saa nane usiku, mtoto analia hanyamazi. Nikaingia. Mama yangu kalala kwenye godoro chini, kachoka hajiwezi. Mke wangu kakaa pembeni ya kitanda, macho makavu, kanga imelowa maziwa kifuani, bakuli la mtori wa jioni liko palepale kwenye stuli limeganda juu, na mtoto kasogezwa mbali kabisa upande wa ukutani. Bila kuniangalia akasema, "Mchukue. Naiogopa mikono yangu."

Nikamjibu afanye sala, alale, ni uchovu tu. Hilo jibu nitalijutia mpaka naingia kaburini.

Kukawa na la grupu la familia. Dada yangu mmoja akaandika mule, "wengine tumezaa wanne na hatukudeka hivi," watu wakaweka vicheko, na mimi nikanyamaza. Mke wangu yumo kwenye hilo grupu, aliisoma. Mpaka leo hajaombwa radhi na bado inaniuma, sifichi.

Kliniki tulienda, mtoto akapimwa uzito, akachomwa chanjo, mama hakuulizwa hata umelalaje. Aliyetuokoa ni jirani yetu, nesi mstaafu, alikuja kumuona mtoto lakini muda wote akawa anamtazama mama, akatoka akanivuta pale getini akaniambia huyu apelekwe hospitali, tena kesho.

Tulivyofika daktari alikuwa na maswali 10 kwenye karatasi, kuhusu siku 7 zilizopita, unacheka kama zamani, unajilaumu bila sababu, unalala? La mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Hapo mke wangu akaniangalia mimi, na daktari akaniomba nitoke nje. Nilikaa kwenye lile benchi la korido nikalia, mwanaume mzima, na sioni aibu kusema.

Haikuwa majini, ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito, wengine wanaita depression. Kulialia siku za mwanzo ni kawaida, kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili, ikizidi hapo huo ni ugonjwa na unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inafika asilimia 19.8, yaani karibu mmoja kwa watano, hesabu mwenyewe mtaani kwako. Halafu kuna kichaa cha uzazi, hicho ni nadra, mmoja au wawili kwa kila 1,000, lakini ukiona halali kabisa, anasikia sauti, anaongea mambo hayaeleweki, usisubiri kukuche, siku hiyohiyo hospitali na usimwache peke yake na mtoto.

Tulipewa dawa ambayo akiitumia anaweza kuendelea kunyonyesha, pamoja na ushauri nasaha. Haikuwa ya kesho asubuhi, ilichukua wiki kadhaa.

Sasa wanaume wenzangu tusikilizane. Kuleta pampasi na hela ya mboga siyo kukaa na mkeo. Rudi chumbani, mama ataelewa, mwambie kwa heshima. Shika mtoto usiku mkeo alale masaa manne mfululizo. Akikwambia kitu cha kutisha usimkemee wala usimhubirie, mwambie nimekusikia, kesho tunaenda wote. Kwenye grupu mtetee, usinyamaze kama mimi. Na wewe mwenyewe jiangalie, karibu baba mmoja kati ya 10 naye anapata sonona kipindi hiki, anaishia kukasirika na kuchelewa kurudi nyumbani. Ila kubwa ni hilo, kaa naye. Kaa naye kaka.

Yule kijana wa meseji kanitext leo asubuhi, wako foleni hospitali, mama mkwe ndio kambeba mtoto.

Haya nimemsomea mke wangu kabla sijayaweka hapa. Akasema niongeze kitu kimoja, zile usiku nilizokuwa nambembeleza mtoto sebuleni naacha mlango wa chumbani wazi, alikuwa anatusikia. Mimi siku zote nilijua amelala.