Diski ya uokoaji ya Linux imegoma kuwaka baada ya kufungwa upya: angalia kwanza kerneli imekwama wapi

Mkuu, umeeleza kwamba ulifungua initramfs (kifurushi cha faili ambacho Linux hukipakia kwanza inapowaka) ya diski yako ndogo ya uokoaji, ukaongezamo testdisk (programu ya kuokoa data), ukaifunga upya, na sasa kila ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo unaishia kwenye "Kernel panic". Kabla hujafuta kila kitu na kuanza upya, kama nilivyofanya mimi mara tatu katika usiku mmoja, soma maneno yanayofuata baada ya hayo pamoja na mistari michache iliyo juu yake, kwa sababu humo ndimo kerneli, yaani kiini cha Linux, inamosema imekwama katika hatua ipi.

Ukikuta "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", maana yake ni kwamba kerneli haikuiona kabisa faili ya /init, yaani programu ya kwanza inayotakiwa kuiendesha, ikaamua kutafuta diski ya mfumo ambayo wewe hukuitaja popote. Mimi nilifikia hapo kwa uzembe mdogo: nilifunga kifurushi nikiwa nje ya folda niliyoipa jina la mzizi, na nilipokikagua kwa cpio -t, amri inayoorodhesha yaliyomo, nikaona kimeandikwa mzizi/init badala ya init. Ingia ndani ya folda yenyewe, kisha uandike:

find . | cpio -o -H newc | gzip -9 > ../initrd.gz

Hiyo -H newc usiiache, kwani cpio ya GNU isipoelekezwa huandika muundo wa zamani ambao kerneli haiupokei, na cpio yenyewe haikupi onyo lolote. Ikiwa unabana kwa xz badala ya gzip, ongeza --check=crc32. Hakikisha pia kwamba jina la faili katika syslinux.cfg, yaani faili ya mipangilio ya kuwashia flashi, ni lilelile.

Ukikuta "Failed to execute /init" pamoja na namba -2, tatizo ni jingine kabisa, na ndilo lililonitesa zaidi. Namba hiyo husema kwamba faili haipo, nami nilikuwa nikiiona kwa macho yangu. Kumbe kisichokuwepo si /init, bali kile ambacho /init inakihitaji ili iendeshwe. Nilikuwa nimenakili busybox (programu moja yenye amri nyingi za msingi ndani yake) kutoka kwenye Debian yangu, na ile ya kifurushi cha kawaida hutegemea maktaba za nje ambazo ndani ya diski hazikuwemo. Amri ya file iliniandikia "dynamically linked", yaani inategemea maktaba za nje, nikaweka ile ya busybox-static isiyozitegemea na hatua hiyo ikapita. Testdisk uliyoiongeza ichunguze vivyo hivyo kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, ingawa yenyewe haiwezi kuzuia diski kuwaka. Na kama uliihariri /init kwenye Windows, endesha cat -A init: ukiona ^M mwishoni mwa mstari wa kwanza, kerneli inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na herufi hiyo isiyoonekana, na bila shaka haitaipata. Namba ikiwa -13, umesahau chmod +x, yaani hujairuhusu faili hiyo kuendeshwa. Ikiwa -8, yaelekea umechanganya programu za biti 64 na kerneli ya biti 32.

Jambo jingine ni kwamba ukifungua kifurushi bila kuwa root (mtumiaji mkuu), faili ya dev/console, ambayo programu hupitishia maneno ya skrini, haitaundwa, na diski inaweza kuwaka kisha ikanyamaza kimya bila kuonyesha chochote kwenye skrini.

Usiandike flashi kila unapojaribu, maana utapoteza usiku mzima. Mimi siku hizi hujaribia kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima:

qemu-system-x86_64 -m 512 -kernel vmlinuz -initrd initrd.gz -append "console=ttyS0" -nographic

Kwa njia hii maneno yote ya kerneli hubaki kwenye dirisha lako la amri (terminal), unaweza kuyapandisha na kuyasoma kwa utulivu, badala ya kupiga picha skrini kwa simu kama nilivyokuwa nikifanya. Nitumie mistari kumi ya mwisho pamoja na jibu la file bin/busybox, nami nitakuambia ni ipi kati ya sababu hizi.