Kombi inazima ikipata moto

SWALI: Fundi, mimi na mume wangu tuna Kombi ya mwaka 1974, ile ya kulala ndani, injini 1600. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto, nikiachia mafuta inazima, au sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Fundi mmoja alibadilisha plagi, kisha akakaza skrubu ya kwenye mkono wa mafuta. Sasa kwenye foleni inanguruma kama trekta na bado inazima. Ilianza tuliposhuka Pangani. Tununue kabureta mpya?
Msomaji, Arusha

JIBU: Dada, hela ya kabureta kaa nayo kwanza. Sailensi ikipanda na kushuka hivyo, mara nyingi injini inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta.

Manifoldi ya hiyo 1600, yaani bomba la kupeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya injini, ni vipande vitatu vilivyoungwa kwa mipira miwili mifupi, mmoja kila upande. Inakaa juu ya joto miaka na miaka mpaka inakauka. Ukiitazama kwa juu utasema mizima. Pitisha kidole kwa chini, ubonyeze: nyufa ziko huko, jicho lisikofika. Niliwahi kufungua kabureta ya mteja mara tatu kabla sijagusa mpira, na hela yake ya kazi nilimrudishia.

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ukishuka pwani hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo petroli ile ile inakutana na hewa nyingi. Ufa uliokuwa ukivumilika nyumbani, Pangani ukajitokeza.

Injini ikiwa inaunguruma, chukua bomba la sindano lenye maji, urushie kidogo kidogo kwenye mipira hiyo na kwenye kitako cha kabureta. Mlio ukibadilika, umepaona. Maji, dada yangu, si petroli! Wapo mafundi wanaotumia petroli, na ninyi mnalala humo ndani pamoja na magodoro, mapazia na mtungi wa gesi. Mipira ya petroli nayo ikague hapo hapo. Ikiwa na nyufa, gari isitoke mpaka ibadilishwe.

Mipira ya manifoldi ikiwa mizima, tafuta ubavuni mwa kabureta vali ndogo yenye waya mmoja. Ndiyo inayopitisha petroli ya sailensi. Washa swichi tu bila kupiga stata, chomoa waya, uguse tena: lazima usikie "tik". Pakiwa kimya, pima kama waya una umeme kabla ya kulaumu vali.

Tapeti, zile zinazosukuma vali za injini, ziachiwe nafasi ya 0.15 mm, injini ikiwa imelala usiku kucha. Zikibana, hakuna sailensi itakayotulia, na vali zitaungua.

Baada ya hapo mwambie fundi airudishe ile skrubu aliyoikaza. Sailensi ya kabureta hiyo haipandishwi pale. Ubavuni kuna skrubu mbili. Ile ndogo ni ya mchanganyiko: ikazwe taratibu mpaka iguse, kisha ifunguliwe mizunguko miwili na nusu. Kubwa ni ya hewa. Hiyo ndiyo ya kuleta mizunguko 850 kwa dakika, injini ikiwa na moto na choki imeachia kabisa.

Safari nyingine ya Pangani, beba bisibisi nyembamba. Huko chini skrubu ndogo huenda ikataka kufunguliwa kidogo, na mkirudi Arusha mnaifunga vile vile.